Funguo tatu, daftari hamna: duka la babu lilivyotaka kutufia mikononi

Mzee wangu alifariki mwezi wa nane 2017 pale pale Korogwe, tukamzika siku hiyo hiyo alasiri. Siku ya nne asubuhi watu bado wako kwenye mkeka, bamdogo akaniita pembeni akauliza funguo za duka anazo nani. Haikupita saa moja kaka yangu mkubwa aliyetoka Dar akaniuliza swali hilo hilo. Jioni mdogo wangu, ambae ndo alikua anauza na mzee kwa miaka sita, akaja akaniambia kaka mi nafungua kesho, watu wanaulizia sukari na unga na mikate nayo inaota ukungu ndani. Nikamwambia fungua. Hilo neno moja limetutesa karibu miaka miwili, limetugombanisha ndugu wa tumbo moja, na bado kidogo lizike duka lililoanzishwa na babu. Naandika haya kwa ajili ya yule ambae mzee wake yupo hai, kakaa kaunta anauza, na hakuna mtu nyumbani anaejua anadaiwa shilingi ngapi na nani.

Ili mnielewe inabidi nirudi nyuma, maana kosa letu halikuanza 2017.

Korogwe ni mji wa reli na mkonge. Wajerumani walianza kujenga reli Tanga 1893, ikafika Korogwe 1902, halafu ikapanda Mombo mpaka Moshi. Mkonge nao ulikuja mwaka huo huo wa 1893, aliuleta Mjerumani anaitwa Richard Hindorf, na baada ya hapo bonde lote la Pangani kuanzia Hale, Mnyuzi, Ngombezi mpaka Mazinde likawa mashamba. Babu yangu hakuzaliwa huku. Ni Muha wa Kigoma, aliletwa 1948 na SILABU, ile ofisi ya mabwana wa mkonge iliyokua inakusanya watu mikoani kuja kukata, wakaitwa manamba. Aliwekwa kambi ya Ngombezi. Alikata mkonge miaka minne hivi, miiba ikamuumiza jicho moja, akaona hii kazi haina mwisho mzuri.

Sasa kambini watu walikua wanalipwa kwa kipande. Kipande ni kadi yenye siku thelathini, kila siku ukimaliza kazi uliyopangiwa inapigwa alama, zikitimia thelathini ndo unapokea hela. Ukiumwa au ukichoka siku hiyo haihesabiki, kwahiyo thelathini zinaweza kuchukua mwezi na nusu hata miwili, na katikati hapo mtu anakula nini? Anakopa. Babu akaliona hilo. Akawa anaenda mjini kwa Mhindi mmoja mwenye duka karibu na stesheni, anakopeshwa chumvi, sukari, dagaa, tumbaku na sabuni ya mche, anapeleka kambini, nae anakopesha mpaka kipande kiishe. Wakati wa vita ya Korea, 1950 na 1951, bei ya mkonge ilikua imepanda sana, mashamba yakawa yanaajiri kwa wingi, kwahiyo hata miaka iliyofuata babu hakukosa wateja. 1958 akafungua duka lake Manundu, hapa hapa mjini Korogwe, fremu moja, akaoa Mzigua ambae ndo bibi yangu.

Babu alisoma madrasa tu, Kiswahili alikua anaandika kwa herufi za Kiarabu. Lakini aliandika. Alikua na daftari nene lenye jalada jeusi, kila mtu na ukurasa wake, na kama jina linafanana anaweka alama, fulani wa kambi namba mbili, fulani mwenye kovu. Hilo daftari ndo lilikua mtaji wake, nimelielewa hilo nikiwa mtu mzima. Bidhaa zikiisha zinaisha, lakini daftari likiwepo unajua hela yako imelala wapi.

Miaka ya mwanzo ya uhuru Tanganyika ilitoa mkonge mwingi kuliko nchi yoyote, 1964 zilipita tani laki mbili, na miji kama wetu ilijaa maduka ya familia. Walikuwepo Wahindi wa kila dhehebu, Waarabu wenye hoteli na mikate, Wapare na Wasambaa wa nguo, Wachaga wakaja nyuma. Familia inakaa nyuma au juu ya duka, watoto wakitoka shule wanakaa kaunta. Halafu kamba za nailoni zikashusha bei ya mkonge duniani, 1967 likaja Azimio la Arusha na mashamba mengi yakataifishwa, 1971 nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja zikachukuliwa na serikali. Wahindi wengi wakaanza kuondoka, wengine Uingereza, wengine Kanada. Yule aliyekua anamkopesha babu nae aliondoka, bibi alikua anasimulia kwamba alikuja kumuaga babu akamfutia nusu ya deni, ile nusu nyingine babu akailipa siku hiyo hiyo kwa kuuza baiskeli.

1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yafungwe, watu wanunue kwenye duka la ushirika la kijiji. Babu akafunga. Haikudumu, maana bidhaa zilikua hazifiki huko kwenye ushirika, na muda si mrefu wenye maduka wakaruhusiwa tena kuuza. Unajua alianzaje upya? Kwa daftari. Alizunguka na baba yangu, wakati huo bado kijana, mlango kwa mlango, akakusanya madeni ya kabla ya kufunga, watu walilipa, wengine kwa kuku, wengine kwa mahindi. Hela ya kununulia mzigo wa kwanza ikapatikana.

Baada ya vita ya Kagera, 1979 kwenda mbele, nchi ilikauka, sabuni kwa foleni, khanga kwa kibali, sukari inagawiwa. Babu alikua amezeeka, duka liko kwa baba. 1983 ukaja ule msako wa wahujumu uchumi, yani waliodaiwa kuficha na kulangua bidhaa. Wenye umri wangu mmesimuliwa, watu walitupa mali mtoni, wengine walizika, wengine walimwaga vitu chooni kwa hofu. Kwetu walikuja usiku. Walikuta magunia mawili ya sukari na majora ya kitenge chini ya kitanda, wakachukua, wakachukua na daftari. Baba alikaa ndani siku kumi na moja, akatoka bila kesi, ila daftari halikurudi.

Hii habari ya daftari mimi sikuijua mpaka 2018. Ntaeleza nilivyoijua.

1984 serikali ikaruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni aingize bidhaa, mwaka uliofuata akaingia mzee Mwinyi na ruksa yake, maduka yakafunguka kama mvua imenyesha. Baba akaanza tena, na kusema kweli alikua mfanyabiashara kuliko babu, duka lilikua, tukasoma sote sita. Lakini hajawahi kuandika kitu mbele yangu. Hata karatasi ya kiberiti. Yote yalikua kichwani. Mteja akikopa kilo mbili anasema haya nenda, na mwezi ukiisha anamtajia mpaka siku aliyochukua. Sisi watoto tulikua tunajivunia, tunasema mzee ana akili ya kompyuta. Hatukujiuliza hicho kichwa siku kikizimika inakuaje.

Turudi 2017.

Kosa la kwanza nimeshalitaja, tulifungua duka kabla ya kuhesabu. Ndugu zangu, mtu akifa mwenye duka, kabla hamjauza hata kiberiti, ingieni ndani watu wa pande zote za familia, na mmoja wa nje mnaemuamini, hesabuni kila kitu muandike kwa bei ya kununulia, wote wasaini, piga na picha kwa simu. Kazi ya siku moja au mbili. Duka likifungwa wiki haliwezi kufa. Sisi tulihesabu baada ya wiki tatu, na hesabu ikaja kuonekana ndogo kuliko watu walivyotegemea, kaka akauliza wiki tatu zilizouzwa hela iko wapi, mdogo wangu akasema nimenunulia mzigo, mzigo upi, akashindwa kuonyesha maana hakua na risiti, yani alinunua kweli lakini alifanya kama alivyofundishwa na mzee, bila karatasi. Akaitwa mwizi mbele ya mama. Sijawahi kumuona analia tangu utotoni, siku hiyo alilia.

Na hapo ndo tukagundua kufuli lina funguo tatu. Moja ya mdogo wangu, moja ya mama, na ya tatu ilikua Mombo kwa mama mdogo, mke wa pili wa mzee, ambae alikua nayo kihalali kabisa maana siku za mnada alikua anakuja kusaidia kuuza. Kikao chetu cha kwanza hatukumuita, wala watoto wake wawili. Naomba radhi hapa tena japo nilishaomba nyumbani kwake. Tulisema ni kikao cha dharura, lakini ukweli ni kwamba tulikua tunaogopa wakija watataka fungu lao. Walikuja kusikia kwa watu baki. Kile kikao ilibidi kirudiwe chote, muhtasari ukaandikwa upya, tukapoteza miezi miwili, na kitu kikivunjika pale hakirudi kikawa kizima kama mwanzo. Kama mzee alikua na nyumba mbili, anza na ile nyingine. Nenda mwenyewe, usitume mtoto wala meseji.

Kwenye mirathi ilikua hivi. Kikao cha ukoo kinakaa, kinapendekeza msimamizi, muhtasari unasainiwa na wote. Unakua na cheti cha kifo, siyo kile kibali cha kuzikia, cheti chenyewe. Mnaenda Mahakama ya Mwanzo, sisi Waislamu na mirathi ni ya kiislamu, unajaza fomu namba moja, mahakama inabandika tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, siku ikifika mnasikilizwa, unateuliwa. Ukishateuliwa una miezi minne ya kurudisha fomu namba tano, ile orodha ya mali na madeni, na namba sita ya jinsi ulivyogawa. Miezi minne inaonekana mingi, ila kama hamna daftari inaisha unakimbizana na watu. Mwanzo walitaka bamdogo awe msimamizi kwa kua ndo mkubwa, nae akawa anaongea kama duka ni la kaka yake kwahiyo sasa ni lake. Hakimu alituelewesha vizuri mno, nakumbuka maneno yake kwa maana siyo kwa herufi, kwamba msimamizi hapewi mali, anapewa kazi, na kazi ni kukusanya, kulipa madeni, kugawa, kurudisha hesabu. Bamdogo aliposikia kuna kurudisha hesabu akajitoa mwenyewe. Nikabaki mimi. Nauli za Tanga na Korogwe, fotokopi, viapo, vikao, chakula cha wazee, vilinila kama laki nne na nusu.

Kitu kingine ambacho hatukukijua ni kwamba TIN, ile namba ya mlipa kodi, ni ya mtu. Mzee amekufa, ile TIN yake na leseni yake na mashine ya risiti iliyosajiliwa kwa jina lake haziruki zikaja kwako. Sisi tulitoa risiti kwa jina la marehemu miezi mitano. Ilibidi kwanza nifunge hesabu zake mpaka tarehe ya kifo, ndo nianze upya na TIN yetu, leseni mpya halmashauri, na jina la duka nikakuta halijawahi kusajiliwa tangu 1958, hata BRELA, ile ofisi ya serikali ya kusajili majina ya biashara, halipo, jina linalojulikana mji mzima lakini kwenye karatasi hamna. Tukalisajili haraka kabla mtu mwingine hajalichukua. Fremu nayo, mzee alikua anapanga kwa makubaliano ya mdomo na mwenye nyumba ambae nae alishafariki, alikua analipa elfu sitini kwa mwezi. Watoto wa mwenye nyumba wakasema sisi hatuna mkataba na nyie, kodi ni laki na nusu. Hatukua na la kuwajibu.

Madeni sasa. Wauzaji wa jumla wa Tanga walikuja watatu. Mmoja alisema anadai milioni nne. Nikamwambia baba, heshima yako, nitalipa deni la baba yangu maana hata dini inasema deni kabla ya mirathi, ila nionyeshe. Akakasirika, akasema mimi na mzee wako hatukua watu wa karatasi. Lakini akarudi baada ya wiki na vidaftari vyake, tukajumlisha pamoja, ikaja milioni 2 na laki 9. Hakua muongo, nina uhakika, alikua amesahau malipo mawili. Jumla ya wote watatu ikawa milioni 6.9. Halafu tunaowadai sisi, hapo ndo pana uchungu. Mzee alikua anadai mji mzima. Tulitangaza msikitini baada ya sala ya ijumaa kwamba mwenye deni la marehemu ajitokeze, walikuja watu kumi na nane, wengine tulikua hatujui kabisa kama wanadaiwa, walileta hela wenyewe, nawaombea dua mpaka leo. Zilipatikana milioni moja na laki na nusu, hizo tukamaliza nazo gharama za msiba na kodi. Mdogo wangu anakadiria zilizopotea ni mara nne ya hizo.

Mwezi wa pili 2018 nikiwa nimechoka kabisa nilimwambia mama kwa hasira, mzee alituachia mtihani, mtu mzima na duka lote hili anashindwaje kununua daftari la shilingi elfu moja? Mama alinyamaza muda mrefu, akaniambia, mwanangu, baba yako daftari ndo lilimpeleka ndani. Akanisimulia ule usiku wa 1983. Kwamba walipokua wanamhoji, waliokua wanahoji walikua wanafungua ukurasa mmoja mmoja, huyu ulimuuzia kwa bei gani, huyu kibali chake kiko wapi, na wateja wake nao wakaitwa mmoja mmoja, wengine wakawekwa ndani kwa sababu majina yao yalikua mle. Alipotoka alienda kwenye nyumba zao zote kuomba msamaha. Akamwambia mama, sitoandika jina la mtu tena. Na hakuandika, miaka thelathini na nne.

Nilitoka nje nikakaa.

Baada ya hapo nikaacha kumlaumu, lakini nikapata swali jingine. Mji huu kuna familia zimeshika biashara vizazi vitatu, vinne, wamepita kote huko tulikopita sisi, wao wamefanyaje? Nikaanza kuwatembelea, jioni jioni, siyo kwa utafiti, ni kama kijana anaekwenda kuomba ushauri. Sitawataja.

Mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vifaa, baba yake ni katika wachache waliobaki baada ya 1971. Alinitolea madaftari ya tangu enzi za baba yake, ya Kigujarati, yamepangwa kwa mwaka. Kwao kila mwaka siku ya Diwali wanafunga hesabu, wanafungua daftari jipya, na familia nzima inakaa, wanawake pia, inasomewa faida na hasara. Nikamuuliza na 1983? Akasema tuliandika mawili. Moja likikamatwa lingine lipo. Sisemi muandike mawili, nasema kila mtu alitafuta njia yake ya kuishi na ile hofu, ya baba ilikua kukaa kimya.

Mwarabu wa hoteli na mikate, kizazi cha tatu, yeye aliniambia kitu kidogo ila kimenisaidia kuliko vyote. Kwao anaeuza dukani ana mshahara. Hata akiwa mtoto wa mwenye duka. Anaandikwa, analipwa mwisho wa mwezi, na akitaka mkate wa nyumbani ananunua. Nikakumbuka mdogo wangu, miaka sita hana mshahara, anakula dukani, anavaa dukani, mkewe akijifungua hela inatoka dukani, kwahiyo mzee alipokufa yeye anaona duka ni jasho lake, ndugu wengine wanaona alikua analishwa bure. Wote walikua na hoja! Na hakuna karatasi ya kuamua.

Kuna mama mmoja Mpare wa vitambaa, alirithi kwa mumewe 1994, wanae wanne. Duka lake lilikua kubwa kuliko letu na sasa halipo. Watoto walitaka wagawane vitu, wakagawana kweli, majora yakakatwa kwa futi, kila mmoja akaondoka na fungu lake, ndani ya mwaka wote wanne wamemaliza. Aliniambia, mwanangu, duka ni kama ng'ombe wa maziwa, sisi tulimchinja tukagawana nyama. Nilipotoka kwake nilikua nimeshaamua. Watu wakiongelea biashara ya familia wanapenda kutaja akina Dewji walioanzia Singida wakawa matajiri wakubwa, ni kweli na ni sifa, lakini mimi nilikua nahitaji kuona na lililokufa ili nijue la kwangu linaumwa nini.

Tulivyomaliza ni hivi, naweka na hesabu labda zitamsaidia mtu. Mzigo wa dukani kwa bei ya kununulia ulikua milioni 21.3. Toa madeni milioni 6.9, inabaki 14.4. Shekhe akatupigia mahesabu mbele ya wote. Wake wawili thumuni, yani moja ya nane, milioni 1.8, kila mmoja laki tisa. Zilizobaki 12.6, watoto wa kiume wanne na wa kike wawili, wa kiume mafungu mawili mawili, kwahiyo mafungu kumi, fungu moja milioni 1.26. Wa kiume 2.52, wa kike 1.26. Niliandika kwenye karatasi kubwa ya manila nikabandika ukutani sebuleni, kila anaekuja anaisoma, na maneno ya pembeni yakapungua siku hiyo hiyo.

Tukakubaliana duka lisigawanywe. Mimi na mdogo wangu tunabaki nalo, wengine tunawanunua mafungu yao kwa awamu. Mama akasema laki tisa yake ibaki humo humo. Waliobaki jumla yao ilikua milioni 8.46, tukaandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa na nakala ikaenda mahakamani, laki 2 na elfu 35 kila mwezi kwa miezi 36, na tukaanza na mama mdogo na mwanae wa kike kwa sababu ndo waliokua wamedhulumika na kikao cha kwanza. Kaka hakufurahia kua wa mwisho. Nilimwelewa, ila sikubadilisha.

Miezi 36 siyo mchezo. Niliacha kazi yangu ya ufundi umeme Tanga, nikahamia Korogwe na familia. Mwaka wa kwanza kuna miezi mitatu tulilipa laki mbili na thelathini na tano na sisi wenyewe tukala ugali na mlenda mfululizo. Mke wangu alivumilia mambo ambayo sitayaandika hapa. 2020 biashara ilishuka, mabasi yakawa hayana abiria, na Korogwe ukitoa mabasi ya barabara kuu mzunguko unapungua, tukaomba tusogeze miezi miwili. Aliyekubali wa kwanza alikua mama mdogo. Akasema nyie mlinilipa tarehe ile ile, naanzaje kukataa.

Mdogo wangu sasa ana mshahara, laki mbili na nusu, na mimi hivyo hivyo, faida inakaa mwisho wa mwaka ndo tunagawana. Nyumbani wakitaka mchele wananunua, mwanzo shangazi alinuna sana, akasema tumekua wachoyo, siku hizi anakuja na hela yake mkononi kabla hajasalimia. Madeni ya wateja yanaandikwa kwenye daftari na mteja mwenyewe anaweka sahihi au dole, jioni napiga picha kurasa za siku hiyo natuma kwenye grupu la familia, wa Dar anaona, wa Mombo anaona. Kuna wateja wazee walikasirika, wakasema baba yako hakutuandika. Nawaambia najua, na najua kwa nini, ila kichwa changu siyo kama chake.

Kwa aliye na mzee hai na mkaidi kuhusu mambo ya karatasi, usiende na neno wosia wala mirathi, atahisi unamsubiri afe. Mi ningeweza kurudi nyuma ningekaa nae jioni wakati anafunga, nikamuomba anisimulie tu, duka hili ulianzaje, nani alikukopesha mzigo wa kwanza, nani anakuuzia sasa, nani ni mlipaji mzuri hapa mtaani. Wazee wanapenda kusimulia, na katikati ya hadithi yote yanatoka, jina la muuzaji, deni, makubaliano ya fremu. Na nadhani ningefika mwenyewe kwenye ule usiku wa 1983, angenieleza kwa mdomo wake.

Malipo ya mwisho yalikua ya kaka. Nilipanda basi nikampelekea Dar mkononi, japo ningeweza kutuma kwa simu. Alihesabu, akasaini kwenye daftari, akafunua nyuma ukurasa mmoja mmoja mpaka mwanzo, akauliza hii kurasa ya kwanza mbona umeacha tupu. Nikamwambia ni ya mzee.